Mvua Juu ya Wastani

“Mbona mto ulijaa na mbingu haikunguruma?”

Swali hilo liliulizwa mkutanoni, mchana kweupe, na mwanamke aliyenyoosha mkono na kusubiri zamu yake kama watu wengine. Mheshimiwa wa meza kuu alifungua chupa ya maji, akanywa, akafuta mdomo, akasema, “Swali linalofuata.” Watu wakacheka. Mkutano ukaendelea na ajenda ya vyoo.

Hapo zamani, basi. Na usinikodolee macho. Zamani yangu mimi ilikuwa na kompyuta, ilikuwa na redio, ilikuwa na wasomi wa majoho. Nani alisema zamani ni ya fisi na sungura peke yao? Tulia nikupe.

Hapo zamani palikuwa na mlima ulioitwa Irongwe, na chini ya mlima palikuwa na korongo lililoitwa Kisambu. Korongo pana, la mchanga mweupe, karibu mwaka mzima halina tone. Mahali pazuri kama hapo utapafanyia nini? Watu wa bonde walipafanyia mnada. Kila wiki walishuka na mbuzi, na vyungu, na mitumba, na masufuria ya supu, wakajaza korongo kutoka ukingo hadi ukingo. Kanuni yao ya usalama ilikuwa moja, waliyorithi: mbingu ikinguruma, toka korongoni. Isiponguruma, uza.

Tena walikuwa na desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi ninaokuletea. Mvua kubwa ya bonde lile haipiti bila jina. Mvua iliyowashinda watu huitwa kwa kitu ilichochukua: palikuwa na Mvua ya Daraja, palikuwa na Mvua ya Mbuzi wa Mahari. Lakini mvua itakayoshindwa na watu, hiyo itaitwa kwa jina la mtu aliyeishinda, na mtoto wa kwanza kuzaliwa ndani yake atabeba jina hilo hilo, awe wa kike, awe wa kiume. Hata vitukuu wakihesabu miaka, watahesabu kwa jina hilo. Jina moja, si mawili. Mvua haina jina la ukoo.

Na tangu bonde liwe bonde, hakuna mvua iliyowahi kuitwa kwa jina la mtu. Hata moja!

Sasa, yule mwanamke wa swali. Aliitwa Nakunda, muuza vyungu. Msimu uliotangulia mkutano, maji yaliteremka korongoni jua likiwaka, hakuna radi, hakuna ngurumo, yakachukua banda lake pamoja na kaka yake aliyekuwa amekaa ndani akila. Watu wakaiitaje mvua ile? Mvua ya Vyungu. Kwa sababu vyungu ndivyo vilivyoonekana vikielea. Kaka mtu hakuelea. Haya, niambie mimi nisikasirike.

Alipochekwa, Nakunda aliketi. Mnada uliofuata alipandisha vyungu vyake ukingoni, peke yake, mbali na wateja. Wenzake wakamwita kutoka chini, “Bi Nakunda, umekimbia nini huko?” Akawajibu, “Swali linalofuata.” Basi. Hakuongeza neno.

Lakini mkutanoni alikuwapo mtu mwingine, Naelijwa. Mzaliwa wa bonde, ila siku hiyo walimketisha na wageni kwa sababu alikuwa Daktari. Si daktari wa sindano, daktari wa mawingu. Alikuja kuomba kibali cha kuweka vipimo mlimani. Aliposikia swali lile, kalamu ilimdondoka. Akaondoka na swali hilo.

Kazi yake ilikuwa hii: kunyesha mvua ndani ya kompyuta. Usicheke. Unaigawa mbingu katika visanduku, kisanduku juu ya kisanduku. Kila kisanduku unakipa joto lake, upepo wake, unyevu wake. Kisha unaiambia kompyuta: haya, endelea wewe, nionyeshe kesho. Kompyuta za wakubwa zilikuwa zikifanya hivyo kila siku, lakini visanduku vyao vilikuwa vipana mno. Irongwe mzima ulimezwa ndani ya kimoja, ukalala humo kama nundu ya ng'ombe chini ya blanketi. Upepo wa kompyuta ukapita juu yake bila kujikwaa. Na upepo usiojikwaa mlimani utapandaje? Na usipopanda, wingu litatoka wapi?

Naelijwa akavikata visanduku. Akavikata tena. Akavikata mpaka mlima ukainuka kitini pake. Na mlima ulipoinuka, lo! Upepo wenye unyevu ukaugonga, ukapanda, ukapoa, na wingu likazaliwa mahali ambapo setilaiti ilikuwa ikisema hakuna cha maana. Wingu fupi. Wingu vuguvugu, lisilofika kule juu kunakoganda barafu. Na wingu lisilo na barafu halina radi, na lisilo na radi halina ngurumo. Setilaiti ile ilikuwa kama mgeni anayepima utajiri wa mwenyeji kwa urefu wa kofia: wingu refu, mvua kubwa, wingu fupi, hamna kitu. Kumbe lile fupi limeketi mlimani, halisogei, linamimina ndoo juu ya ndoo, kimya kama mwizi!

Alipiga kelele ofisini. Majirani wakaja mbio na fimbo wakidhani ni nyoka.

Ila kompyuta ilikuwa na majibu mawili. Ukiipa matone madogo, wingu linasitasita, linalowesha migomba, linajiondokea. Ukiipa matone manene, yanagongana, yanaungana, yanaporomoka pamoja. Manyunyu au gharika, na kinachoamua ni unene wa tone. Tone la mlimani kwenyewe, la siku yenyewe. Nani atalipima?

Hapo anaingia Kiangi. Mwalimu Kiangi wa fizikia, sekondari ya huko mlimani, mtu wa maneno mengi na mashati yaliyonyooshwa. Naelijwa alimkabidhi kipimo cha matone, cha umeme, akifunge uani mwa shule na kukitunza. Kiangi alikifunga vizuri sana. Kisha akakigeuza kamba ya kuanikia soksi.

Ikafika asubuhi ya mnada. Wingu limeketi Irongwe, mvua imeanza kudondoka huko, bondeni jua linawaka. Naelijwa akapiga simu.

“Mwalimu, nipe matone!”

“Daktari, habari za asubuhi.”

“Sina habari, nina wingu. Kipimo kinasemaje?”

“Kipimo… kina wapangaji.”

“Wapangaji gani?”

“Nyigu, Daktari. Wameingia chini ya soksi, wamejenga mpaka sebule.”

Alichosema Naelijwa sikirudii, alikisema kwa lugha ya mama yake. Lakini Kiangi naye, mpe haki yake, hakukata simu. Alikimbilia jikoni kwa mpishi wa shule, akachota unga, akaumimina kwenye sinia, akaulainisha kwa kiganja, akaufunika kanga. Akatoka uani kwenye mvua. Akafunua. Akafunika. Akarudi ndani akicheka peke yake. Kila tone lililoangukia unga lilikuwa limejifinyangia donge lake. Akatikisa chekecheke, unga ukapita, madonge yakabaki, na ukubwa wa donge ndio ukubwa wa tone.

“Daktari, yamebaki!”

“Madogo kama ulezi au manene kama mtama?”

“Subiri niyapanguse…”

“Kiangi! Ulezi au mtama?”

“Mtama tumeupita, dada yangu! Choroko! Nina choroko kwenye sinia!”

“Rudia!”

Akafunua, akafunika, akachekecha. Choroko. Akafunua, akafunika, akachekecha. Choroko tena. Mpishi akamwuliza, “Mwalimu, hicho chakula cha nani?”

“Cha kompyuta, mama.”

Naelijwa akailisha kompyuta choroko hizo. Mashine ikaunguruma mezani, na hiyo ndiyo ngurumo pekee iliyosikika siku ile. Kabla mbingu haijamwaga, kompyuta ilikuwa imekwisha kumwaga: mteremko wote wa mashariki, mchana ule ule, gharika!

Akaandika taarifa. Aliandika kama walivyofundishwa, kwa lugha ya taarifa, kila neno limepimwa: “Mvua juu ya wastani inatarajiwa mlima Irongwe.” Akaituma redioni.

Shika hapo hapo. Itamke mwenyewe: mvua juu ya wastani. Wewe msomi umesikia nini? Mvua iliyopita kiwango cha kawaida. Hongera. Lakini bonde lile, “juu” ni mahali. Juu ni kule mlimani kwa akina Kiangi. Nenda juu, shuka kutoka juu, mkewe katoka juu. Kwa hiyo bonde zima, miaka yote, lilikuwa likisikia: mvua, juu, ya wastani. Yaani inanyesha huko kwao, tena kiasi tu. Miaka yote! Na hakuna mtaalamu aliyewahi kumwuliza msikilizaji mmoja, “Mwenzangu, umeelewaje?”

Mtangazaji wa redio ya bonde aliitwa Tunu. Alikuwa katikati ya kipindi cha salamu. Akaisoma taarifa ilivyoandikwa, kisha akapokea simu iliyofuata.

“Mama Shangwe hapa, niko mnadani. Asante kwa habari njema, mwanangu. Mvua iko huko juu, na ni ya wastani. Waache walowe wenzetu! Nipigie wimbo wa harusi.”

Wimbo ukaanza. Tunu akabaki na karatasi mkononi. Akaisoma kimoyomoyo. Akaisoma kwa masikio ya Mama Shangwe.

Akampigia Naelijwa: simu inatumika. Akapiga tena: inatumika. Kwa nini inatumika? Naelijwa alikuwa akimtafuta Mheshimiwa, na simu ya Mheshimiwa ilikuwa kwa msaidizi, na msaidizi alikuwa kikaoni. Hao ndio watu wetu.

Tunu akaukata wimbo katikati. Mkuu wa kituo akatokea mlangoni.

“Tunu! Soma ilivyoandikwa!”

“Nimeshaisoma ilivyoandikwa, mzee. Sasa naisoma ilivyokusudiwa.”

Akafungua kipaza sauti. “Jamani wa korongoni! Si mvua ya wenzetu wa juu. Ni mvua kubwa, imezidi, na maji yake ni yenu. Mto unakuja. Msingoje ngurumo, mvua hii ni bubu! Tokeni korongoni. Mbuzi kwanza… hapana, watu kwanza! Tokeni!”

Uangalie vizuri hapo, maana patagombewa. Taarifa haikutaja mto. Kompyuta ya Naelijwa ilihesabu wingu na mvua, haikuhesabu mto. Mto Tunu aliutia mwenyewe.

Korongoni, jua kali. Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mteja kiko nusu.

“Yule binti kalewa.”

“Asubuhi yote hii?”

“Mbona hakujanguruma?”

“Si kasema isingojewe!”

“Na supu yangu ndiyo kwanza imechemka!”

Lakini sauti ya Tunu ilitetemeka, na watu wa bonde walimjua Tunu. Hata matangazo ya vifo aliyasoma bila kutetemeka. Mmoja akafungua mbuzi wake. Wa pili akabeba sufuria kwa pindo la kanga. Wa tatu akaacha vyote. Kisha mnada mzima ukageuka miguu! Wakapanda ukingo wakisukumana, na pale ukingoni alisimama Nakunda kando ya vyungu vyake, anawavuta kwa mkono mmoja mmoja.

Maji yakaja. Kwanza harufu ya udongo mbichi. Kisha mawe yakigongana. Kisha ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba migomba mizima na mizizi yake. Ukapita palipokuwa na mnada, ukang'oa nguzo kama mtu anayetoa miiba. Na juu yao mbingu ya buluu, kimya!

Watu wakahesabiana. Wakaitana majina. Kila jina likaitika. Kila jina! Vigelegele vikapanda. Kinyozi akamkumbatia mteja wake wa nusu kichwa, wakaruka pamoja. Mtu akapaza sauti: “Tumeishinda! Jamani, hii tumeishinda!”

Na katikati ya vigelegele hivyo Eliwaza, muuza chapati, akashikwa na uchungu. Wanawake wakamwingiza darasa la shule ya msingi iliyokuwa jirani, wakaunganisha madawati. Mtoto wa kike. Mtoto wa mvua.

“Haya,” Eliwaza akasema, jasho halijamkauka, “mvua hii nani kaishinda? Mwanangu anaitwa nani?”

Hapo sasa!

Kesho yake walijaa darasani na nje ya madirisha. Naelijwa alikuwa amefika, Kiangi alikuwa ameshuka. Mheshimiwa akawahi kusimama, kama kawaida yao.

“Kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa eneo husika…”

“Swali linalofuata!” bonde zima likamjibu.

Huyo simweki kwenye kura, na wewe usimweke.

Naelijwa akasema, “Mvua hii ni yangu. Nani aliuinua mlima? Nani aliliona wingu ambalo setilaiti ililidharau? Bila visanduku vyangu, choroko za Kiangi ni unga ulioharibika, na Tunu angekuwa anapiga nyimbo za harusi.”

Tunu akaruka. “Na bila mimi, Daktari, nyimbo hizo zingekuwa za matanga! Juu ya wastani! Dada yangu, wewe umezaliwa bonde gani?”

“Hili hili.”

“Basi ulilisahau lini?”

Nami nilipofika hapo mara ya kwanza nilitaka kumtetea Naelijwa, nikakosa pa kuanzia.

Kiangi akasimama, shati limenyooshwa. “Ninyi wote mmeisikia mvua. Mimi nimeishika. Kompyuta ilikuwa na majibu mawili, sinia langu likachagua moja. Asiyekubali aseme mvua ilikuwa ya ulezi au ya choroko.”

“Na soksi je?” akauliza Naelijwa. “Kipimo kingekuwa kizima, matone ningeyapata tangu mapambazuko. Watu wangetoka korongoni kwa miguu yao, si kwa kukimbia na supu ya moto. Na huyu mama asingezalia kwenye dawati.”

“Soksi ni kosa langu, silikatai. Lakini kifaa kikifa, ndipo fizikia inapoanza!”

“Sasa binti aitwe Kiangi?” mtu akauliza dirishani.

“Kwani mvua ina jinsia?” Kiangi akajibu.

Wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

Tunu akangoja watulie. “Mimi nimefasiri Kiswahili kwa Kiswahili. Taarifa zilikuwepo miaka yote, zikasomwa miaka yote, watu wakabaki korongoni miaka yote. Siku moja zimeeleweka, watu wametoka. Na leo mkuu wa kituo amenizuia kuingia studio.”

Naelijwa akamgeukia, polepole. “Tunu, habari ya mto nani alikupa?”

“Hakuna.”

“Kwa hiyo ulibahatisha.”

“Nilibahatisha.”

“Na maji yasingeshuka? Mvua ingeishia mlimani? Siku nyingine ungesema tokeni, nani angetoka? Na mimi nikisema kweli, nani angeniamini?”

“Nisingebahatisha, Daktari, leo ungekuwa na nani wa kukuamini?”

Darasa likawaka. Wengine huku, wengine kule, kinyozi na mteja wake wakawa kambi mbili. Eliwaza akainua kiganja.

“Bi Nakunda hajasema.”

Nakunda alikuwa amesimama mlangoni. “Mimi niliuliza,” akasema.

“Kuuliza si kushinda,” sauti ikatoka nyuma.

“Bila swali lake nisingevikata visanduku,” akasema Naelijwa. “Hilo nalishuhudia mwenyewe.”

Kiangi akakuna kidevu. “Bi Nakunda, kwa heshima zote. Ulijua korongo hujaa bila ngurumo. Ulijua kuliko sisi sote, na msiba wako tunaujua. Ukahama. Ukakaa ukingoni, ukawatazama wenzako wakiuza chini, wiki hadi wiki, na watoto wao migongoni. Hukuwaambia neno.”

“Neno nililisema. Mkacheka.”

“Aliyecheka ni Mheshimiwa!”

“Mheshimiwa alikunywa maji,” akasema Nakunda. “Mliocheka ni ninyi. Ningelisema mara ngapi, Mwalimu, ndipo liwe neno?”



Hadithi yangu imefika hapo, na haisogei mpaka wewe uisogeze. Usiniambie jina ligawanywe, nimekwisha kukueleza desturi: moja. Usiniambie walishirikiana wote, hilo ni jibu la meza kuu, la kufungia kikao watu wakale. Mmoja aliuliza, kisha akanyamazia roho za watu. Mmoja alilijua wingu, akaliandika kwa maneno yaliyokaribia kuzamisha mnada. Mmoja alilipima tone kwa unga, baada ya kuua kipimo kwa soksi. Mmoja aliwatoa watu korongoni kwa mto ambao hakuna aliyemwambia unakuja. Je, nani alistahili?

Eliwaza amemaliza kunyonyesha. Amemfunga mtoto kanga, amemlaza begani, anakutazama wewe. Tafadhali, mtajie jina moja.